Kabla ya kuuliza nani atashinda, uliza pambano litapiganiwa wapi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Nkuhungu, Dodoma. Kila Jumapili alfajiri tunakutana kibanda umiza kuangalia MMA, ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, na mimi ndiye mtu wa namba. Naingia kwenye simu, naangalia nani anapiga mapigo mengi kwa dakika na nani ana asilimia kubwa ya kulenga, nachagua huyo. Wenzangu wanachagua kwa macho tu, na mara nyingi wanapatia kuliko mimi. Juzi mmoja kaniambia namba kwenye ngumi ni upuuzi. Je, ni kweli? Na la pili: mpwa wangu anafanya mazoezi, ana pambano mwezi ujao, na tuna video mbili za mpinzani wake. Naweza kumsaidia kwa takwimu, au nimwachie kocha wake?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Namba si upuuzi, na wenzako nao wana jambo lao. Nafundisha takwimu hapahapa Dodoma, na mchezo huu nimeufuatilia miaka mingi nikiwa na daftari mapajani, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Shida yako naiona kwenye neno moja uliloandika: "nachagua". Unachukua namba za watu wawili, unaziweka bega kwa bega kama unavyopima miti miwili, kisha unachukua mrefu. Lakini namba ya mpiganaji haifanani na urefu wake. Urefu anao hata akiwa amelala peke yake chumbani. Mapigo kwa dakika hana mpaka awe na mtu mbele yake. Yalitokea kati yake na fulani, siku fulani, kwenye kona fulani ya ulingo. Mletee mtu mwingine, na namba inageuka. Ndiyo maana mimi hukataa kuuliza nani atashinda kabla sijauliza pambano lenyewe litapiganiwa wapi: wakiwa wamesimama mbali, wakiwa wameshikana kwenye uzio unaozunguka ulingo, au wakiwa chini. Nikishapata jibu la hilo, namba zinaanza kusema.

Tuanze na hiyo namba unayoipenda. Takwimu rasmi za UFC, kampuni kubwa inayoandaa mapambano haya, zina hesabu mbili za mapigo. Kuna mapigo yote, na kuna yale wanayoyaita mapigo ya maana. Jina hilo linaponza watu wengi, kwa sababu ukilisikia unadhani ni makonde mazito tu. Sivyo. Pigo lolote lililopata wakiwa wamesimama mbalimbali linaingia, hata ngumi nyepesi ya kupima umbali, hata teke dogo la kwenye shavu la mguu. Lakini wakiwa wameshikana au wakiwa chini, linahesabiwa lile zito tu. Kwa hiyo namba hiyo kwa sehemu kubwa inakwambia mtu alisimama kwa muda gani. Ukali wake inauonyesha kwa mbali.

Angalia mapambano mawili. Tarehe 16 Januari 2021, Abu Dhabi, Max Holloway alimpiga Calvin Kattar mapigo ya maana 445 kwa raundi tano. Ni rekodi ya UFC. Ukigawa kwa dakika 25 unapata karibu 18 kwa kila dakika, yaani pigo moja kila sekunde tatu na kidogo. Tarehe 16 Agosti 2025, Chicago, Khamzat Chimaev alimvua mkanda Dricus du Plessis wa Afrika Kusini. Alimpiga mapigo 529 kwa jumla, lakini yale ya maana hayakufika 40. Kwa kipimo chako Chimaev hakufikisha hata mapigo mawili kwa dakika, ungesema alikuwa amesinzia. Kumbe alimkalia mwenzake juu kwa zaidi ya dakika 21 kati ya 25, akimgonga ngumi fupifupi ambazo hazimpi nafasi ya kuinuka wala kupumua. Na wote wawili, Holloway na Chimaev, walipewa raundi zote tano na majaji wote watatu. Karibu 18 na pungufu ya 2: ushindi uleule wa wazi. Ukizilinganisha namba hizo bila kuuliza pambano lilipiganiwa wapi, huna kitu mkononi.

Kosa la pili limejificha kwenye ule mgawanyo. Mapigo yanagawanywa kwa dakika zote za pambano, pamoja na zile ambazo watu walikuwa wanagaragara chini. Tuseme kuna kijana alipigana dakika 15, akapiga mapigo 60. Hiyo ni manne kwa dakika. Mwenzake alipiga 30 katika dakika 15, yaani mawili kwa dakika. Kibandani utasema wa kwanza ni hatari mara mbili. Sasa uliza: huyu wa pili alisimama dakika ngapi? Tuseme alisimama tano tu, na kati ya mapigo yake 30, 24 yalikuwa ya kusimama. 24 kwa dakika tano ni karibu matano kwa kila dakika ya kusimama. Akikutana na mtu asiyeweza kumwangusha na ambaye yeye mwenyewe hana haja ya kumwangusha, ndiye atakayepiga zaidi.

Halafu kuna mpokeaji. Kama mpinzani wa mwisho wa mtu wako ni wa aina inayopokea mapigo sita kwa dakika kutoka kwa kila anayekutana naye, basi kumpiga matano si sifa, ni kupungukiwa. Mimi nikiandika namba ya mtu, pembeni yake naandika wastani wa yale ambayo mpinzani huyo huruhusu. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo ninayoisoma. Kazi hiyo inachukua dakika kumi kwa kila pambano, na inastahili.

Wastani nao una mtego ambao sisi wa mkoa huu tunaujua kupitia mvua. Dodoma inapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Lakini mkulima wa mtama wa Chamwino havuni wastani. Mwaka mmoja mvua inajigawa vizuri tangu Desemba hadi Aprili. Mwaka mwingine inamwagika karibu yote Januari, kisha Februari anga linafunga wakati mtama unataka kuchanua. Jumla zinafanana, ghala hazifanani. Mpiganaji naye yuko hivyo. Mtu mwenye mapigo matano kwa dakika anaweza kuwa amepiga tisa kwenye raundi ya kwanza, matano ya pili, na moja ya tatu, pumzi imekata. Mwingine ana matano, matano, matano. Ukiona pambano la raundi tano, na mmoja hajawahi kuvuka ya tatu, usisome wastani wake kabisa. Soma raundi moja moja.

Sasa niingie kwenye jambo ninaloliona kuwa moyo wa kupima mapambano haya: mwereka. Anayeweza kumwangusha mwenzake anapotaka ndiye anayechagua pambano lipiganiwe wapi. Anayeweza kukataa kuangushwa naye anachagua pia. Wengine wote wanachaguliwa.

Watu huangalia asilimia ya kuzuia kuangushwa, wanaona 70, wanasema huyu hatoboki. Hebu tupige hesabu. Kuzuia asilimia 70 maana yake kila jaribio lina nafasi ya asilimia 30 ya kufaulu. Mshambuliaji akijaribu mara moja kwa raundi, nafasi ni hiyo 30. Akijaribu mara tano kwa raundi, je? Nafasi ya kuyazuia yote matano ni 0.7 ukizidisha kwa yenyewe mara tano, ambayo ni kama 0.17. Kwa hiyo nafasi ya kuangushwa angalau mara moja ni asilimia 83. Na hapo nimemhurumia, kwa kuwa nimechukulia kila jaribio linaanza upya. Ulingoni jaribio la nne linamkuta mtu ambaye miguu imeshachoka kwa matatu ya mwanzo. Ndiyo maana, kwa pambano la mieleka, idadi ya majaribio naiheshimu kuliko asilimia ya mafanikio. Mei 2013 Khabib Nurmagomedov alimwangusha Abel Trujillo mara 21 katika raundi tatu, rekodi nyingine ya UFC. Hiyo haitokani na ufundi peke yake. Inatokana na mtu asiyeacha: ukiinuka anakufuata, ukizuia mguu huu anachukua ule.

Kuna namba ya pili ya kwenda na hiyo, nayo ni muda wa kukaa chini baada ya kuangushwa. Kuna watu wanaanguka mara nne kwa pambano na kila mara wanainuka ndani ya sekunde kumi. Kwao mwereka ni sawa na kusukumwa. Kuna wengine wanaanguka mara moja na raundi imekwisha. Asilimia haitofautishi watu hawa wawili. Jicho linawatofautisha mara moja, na hapo ndipo wenzako wa kibandani wanapokushinda.

Na kuna ile asilimia 100 inayowapumbaza watu. Nakumbuka asubuhi ya Jumapili, tarehe 21 Agosti 2022, siku mbili kabla ya Sensa. Mji mzima ulikuwa unazungumza habari za kuhesabiwa, na mimi nilikuwa sebuleni nikimhesabu Kamaru Usman, Mnigeria aliyekuwa bingwa, akipigana na Leon Edwards huko Salt Lake City. Katika UFC hakuna aliyekuwa amewahi kumwangusha Usman. Kuzuia: asilimia 100. Nilikuwa nimeiandika kwa wino juu ya ukurasa. Raundi ya kwanza haijaisha, Edwards akampiga mwereka, akampanda mgongoni, akatafuta kabari. Nikakata ile 100.

Tangu hapo nimekuwa natumia hila ndogo ambayo nataka uichukue leo. Chanzo chake ni hesabu ya Mfaransa Laplace, na inafanyika kichwani. Kabla ya kuamini asilimia yoyote, mwongezee mtu huyo jaribio moja la kufaulu na moja la kushindwa. Kijana aliyezuia mara 3 kati ya 3 ana 100. Muongezee: 4 kati ya 5, anabaki na 80. Mwenzake aliyezuia 51 kati ya 60 ana 85. Muongezee: 52 kati ya 62, anabaki na karibu 84. Tazama walivyobadilishana nafasi. Mwenye 100 yuko nyuma ya mwenye 85, kwa sababu ya kwanza imejengwa juu ya majaribio matatu. Ile namba kubwa ilikuwa haijapimwa. Fanya hivyo kwa kulenga, kwa kabari, kwa kila kitu.

Idadi ndogo ndiyo ugonjwa mkuu wa takwimu za mchezo huu. Timu ya mpira inacheza mechi 30 kwa msimu wa ligi. Mpiganaji anapigana mara mbili, tatu kwa mwaka, na mengine yanaisha kabla hujakaa vizuri. Mchukue Francis Ngannou wa Kameruni. Kati ya Novemba 2018 na Mei 2020 aliwapiga watu wanne: Curtis Blaydes kwa sekunde 45, Cain Velasquez kwa 26, Junior dos Santos kwa 71, Jairzinho Rozenstruik kwa 20. Jumlisha: sekunde 162. Mapambano manne makubwa ya uzito wa juu, na ushahidi wote hauzidi muda wa kujaza ndoo bombani. Namba zake kwa dakika zilionekana za ajabu, lakini ziliongelea dakika mbili na sekunde 42 za maisha yake. Na Julai ya mwaka uleule wa 2018, mtu huyohuyo alisimama mbele ya Derrick Lewis dakika 15 nzima akapata mapigo ya maana 11 tu, akashindwa. Ukichanganya vipindi hivyo viwili unapata wastani wa mtu ambaye hakuwahi kuingia ulingoni.

Lililofuata linafundisha zaidi. Januari 2022 Ngannou alikutana na Ciryl Gane wa Ufaransa, mwepesi, fundi wa kusimama. Raundi mbili za kwanza Gane alikuwa mbele. Kisha Ngannou, mtu wa ngumi, akaanza kumpiga mieleka, akamwangusha mara kadhaa, akachukua raundi zilizobaki na kulinda mkanda wake kwa pointi. Hakuna jedwali lililokuwa limetabiri hilo, kwa sababu jedwali huandika alichochagua mtu kufanya. Anachoweza kufanya na bado hajahitaji kukifanya hakimo. Ndiyo maana habari za kambi, nani anamfundisha na amekuwa akifanya nini mazoezini, nazisoma kama data. Hazina desimali, lakini ni data.

Rafiki yako atakuletea hoja nyingine: fulani kampiga fulani, na yule kampiga huyu, kwa hiyo fulani atampiga huyu. Mjibu kwa watu watatu. Julai 2022 Alex Pereira alimpiga Sean Strickland nokauti raundi ya kwanza. Aprili 2023 Israel Adesanya akampiga Pereira nokauti raundi ya pili. Septemba 2023, Sydney, Strickland akampiga Adesanya kwa pointi na kumvua mkanda. Duara limefunga ndani ya miezi 15. Hapa kuna ukweli wa kihesabu usioepukika: kanuni yoyote inayompa kila mpiganaji alama moja ya ubora haiwezi kuwapanga hawa watatu sawasawa, hata ukiwa na kompyuta kubwa kiasi gani. Lazima mmoja awe juu na mmoja chini, na angalau pambano moja kati ya matatu litaisuta orodha yako. Kilichoamua ni jinsi walivyolingana. Strickland hutembea mbele amenyooka, anategemea mikono kupangua; konde la kushoto la Pereira likapita. Adesanya hupenda kungoja mtu aje ndipo amjibu. Pereira alikuja, akamfuata hadi kwenye uzio, akajibiwa kwa mkono wa kulia. Strickland naye alikuja, lakini kwa hatua fupi na ngumi za kupima, hakumpa cha kujibu. Hayo huyapati kwa kulinganisha wastani. Unayapata kwa kuuliza: katika umbali ambao huyu anautaka, yule anafanya nini?

Nirudi kwa Usman, maana sikumaliza. Baada ya raundi ya kwanza aliirekebisha kazi. Ya pili, ya tatu, ya nne zikawa zake. Majaji wote watatu walikuwa wameandika 39 kwa 37, yeye mbele, na daftari langu lilisema vilevile. Zilibaki sekunde 56 pambano liishe. Edwards, ambaye ni mashoto, akarusha mkono kumvuta macho, kisha teke la kushoto kichwani. Usman akalala. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Siku hiyo namba hazikuwa zimekosea. Mtu mwenye nafasi ya asilimia 90 anashindwa mara moja kati ya kumi, na ile moja lazima itokee asubuhi fulani. Kwa hiyo usijipime kwa pambano moja, wala usikubali wenzako wakupime hivyo. Andika kabla ya pambano, kwa tarehe: fulani, 65. Fulani, 80. Ukifikisha mapambano 50 au zaidi, kusanya yale yote uliyoyapa kati ya 60 na 70 uone kama umepatia kama theluthi mbili. Ukikuta umepatia nusu, basi unajiamini kuliko unavyojua. Ukikuta umepatia tisa kwa kumi, unaogopa bila sababu. Waombe na wenzako waandike zao. Nina hakika mabishano ya kibandani yatabadilika sura, kwa sababu anayesema "nilijua tu" ataombwa ukurasa.

Majaji kidogo, maana huwezi kutabiri pointi bila kuwajua. Mshindi wa raundi anapewa 10, mwenzake kwa kawaida 9. Kanuni za pamoja za MMA zinawaambia waangalie kwanza madhara ya mapigo na ya mieleka. Ushambulizi, na baada yake udhibiti wa ulingo, vinafuata tu pale ambapo la kwanza limelingana kabisa. Kwa hiyo mwereka mtupu, mtu akaangushwa akainuka bila kuguswa, una uzito mdogo kuliko mashabiki wanavyodhani, na konde moja lililoyumbisha miguu linaweza kufuta mapigo kumi mepesi. Ukihesabu, wekea alama ya pembeni kila pigo lililobadilisha uso au hatua ya mpinzani.

Umri, majeraha, kupunguza uzito kwa haraka siku za kupima, mapumziko marefu: vyote hivi vinapunguza thamani ya namba za zamani. Mtu wa uzito mdogo anayetegemea wepesi, akishavuka miaka 35, namba zake za miaka minne nyuma mimi huzipa nusu ya uzito. Na aliyepigwa nokauti mbili mfululizo simpimi tena kwa asilimia ya kukwepa.

Hukutaja kubeti, lakini wapo watakaosoma hapa wakiwa na mkeka mfukoni, kwa hiyo nitaje hesabu moja. Ukikuta odi 1.80 kwa mmoja na 1.90 kwa mwingine, gawa 100 kwa kila moja: 55.6 na 52.6. Jumla 108.2. Nafasi za watu wawili haziwezi kuzidi 100. Hiyo nane na kidogo ni ya kampuni, na inachukuliwa mshindi akiwa yeyote. Kuwa sahihi kidogo kuliko wenzako hakutoshi kuiziba.

Sasa mpwa wako, na hapa ndipo nataka uweke nguvu zako zaidi. Kocha mwachie kazi ya kufundisha, wewe mpelekee hesabu. Video mbili si kidogo ukizisoma vizuri. Chukua daftari la kawaida la mistari, ukurasa mmoja kwa raundi moja. Piga safu tatu: mbali, uzioni, chini. Weka video kwenye mwendo wa nusu. Mhesabu mtu mmoja tu kwa mara moja. Ukijaribu wote wawili macho yatakudanganya. Mara ya kwanza andika alichorusha. Rudia, andika kilichopata. Rudia tena, andika alichopokea. Kisha pima kwa saa ya simu alikaa sekunde ngapi kwenye kila safu. Kwa raundi ya dakika tano utatumia zaidi ya nusu saa, na ukimaliza utakuwa na kitu ambacho hakipo mahali popote kwenye intaneti.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye mambo madogo, yale ambayo fundi kama wewe unayaona upesi, kwa sababu umezoea kusikiliza injini na kujua ni vali gani inagonga. Angalia mkono wake wa kulia unakwenda wapi anapotupa teke la chini. Hesabu: alitupa mara ngapi, na mkono ukarudi shavuni mara ngapi. Tuseme raundi ya kwanza ni mateke 11, mkono umerudi mara 10. Raundi ya tatu ni mateke 9, mkono umerudi mara 3. Hapo kocha amepata kazi ya wiki tatu: kijana ajifunze kupokea teke kwa mguu ulioinuliwa na kujibu kwa konde la kushoto, si mapema, bali kuanzia raundi ya pili. Angalia pia akisukumwa kwenye uzio anageukia upande gani. Watu wengi wana upande mmoja wanaoukimbilia bila kujijua. Ukikuta mara saba kati ya nane amegeukia kushoto kwake, tumia ile hila ya kuongeza moja na moja, utabaki na 8 kati ya 10. Bado inatosha kumwekea mtego.

Na mhesabu mpwa wako mwenyewe, kwa daftari lilelile, kutoka video za mazoezi. Vijana wengi wanafahamu mazoea ya mpinzani kuliko yao. Kisha weka kurasa mbili sambamba mezani na uulize lile swali la mwanzo: huyu anataka kupigana wapi, yule anataka wapi, na nani kati yao ana uwezo wa kulazimisha? Kama mpinzani anataka chini na kijana wako haangushwi kirahisi, pambano litakuwa la kusimama, na hapo safu ya kwanza ndiyo yenye maana. Kama kijana wako anaangushwa, basi ile safu ya tatu ndiyo ya kuisoma kila siku kabla ya mazoezi, hasa sekunde anazochukua kuinuka. Zikipungua kutoka 40 hadi 15 ndani ya mwezi huu, umempa kitu kikubwa kuliko konde lolote jipya.

Ukimaliza kurasa za raundi ya kwanza na ya tatu za video zote mbili, nitumie picha zake. Nitaanza kuangalia ile safu ya uzioni, kwa sababu ndiyo ambayo watu huiacha tupu.